Siku Baba Alipopeleka Isale Chuoni

Mimi ni wa tatu katika wavulana wanne. Kwetu Kirua Vunjo ukisema hivyo umemaliza, hakuna atakayekuuliza zaidi. Kaka mkubwa alikatiwa kihamba chake, shamba la urithi, siku alipooa, migomba na kahawa ndani yake. Kitinda mimba alikuwa anangoja nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka. Sisi wawili wa katikati tuliambiwa tuna akili, tukatafute. Wa pili alitafuta, akafika Tanga, akanyamaza. Nikabaki mimi.

Darasa la saba sikuchaguliwa. Nikakaa miaka mitatu nikichuma kahawa ya kaka na kukata majani ya ng'ombe wa mama, mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokuja na fomu. Serikali ilikuwa imefungua chuo cha wananchi huko tambarare, chini ya mji wa Moshi, na kila kijiji kilitakiwa kupeleka vijana wawili wakajifunze ufundi, warudi wakijenge. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa kujaza fani. Mwenyekiti aliiweka karatasi juu ya goti, akaandika "useremala", kwa kuwa shule ya kijiji haikuwa na madawati. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Hakuinua hata macho. Huyo ni wa kwanza kati ya walionikosea. Majina siyaandiki, wana watoto na wajukuu, lakini wenyewe wakisoma watajijua.

Baba alifurahi kuliko mimi. Alisema, "Ukipata ufundi umepata kihamba chako." Maana yake nilielewa: nisipoupata, pale nyumbani sina pa kusimama.

Mwalimu wa useremala alikuwa mtu wa Masama, Mchagga mwenzangu, ingawa Kichagga chake na changu vilipishana hata tukawa tunasemeshana Kiswahili. Mbao zilikuwa haba. Tuliunga na kubomoa ubao uleule mpaka ukaisha urefu. Nilipomaliza kigoda changu cha kwanza alikigeuza miguu juu, akakitazama.

"Hiki ni kigoda au mtego wa panya?"

Banda zima likacheka. Sikatai, kilikuwa kibaya.

Jirani yangu wa kitanda, kijana wa Kipare mwenye maneno mengi, aliyeniita Mangi kama Mchagga yeyote, akaniambia, "Mangi, unapoteza muda. Kule Soweto ya Moshi watu wanajenga kila siku. Hamia uashi." Nikahamia uashi. Saruji hakuna, tukawa tunajenga kuta kwa udongo, mwalimu anazipima kwa timazi, halafu tunazibomoa ili kesho tupate cha kujenga. Jirani akaja tena. "Uashi si kazi ya wafungwa, huu? Magari, Mangi! Magari!" Nikahamia magari. Gari halikuwepo. Palikuwa na trekta moja lisilo na magurudumu, tunalifungua injini Jumatatu, tunalifunga Ijumaa.

Kila asubuhi tulipanga mstari kwenye mlingoti wa bendera. Wimbo ukiisha, mkuu wa chuo anapiga makofi mawili, kila fani inakwenda kwenye banda lake. Asubuhi moja makofi yakapigwa na miguu yangu haikwenda. Siumwi, sijalewa. Niliyatazama yale mabanda, nikawaona wenzangu wakiingia kama watu wanaorudi kwao, na mimi sikuona lililo langu. Nikabaki pale peke yangu na bendera. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu wakaanza kunizomea: "Mangi, fani yako mlingoti!"

Mkuu alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mpole wa sauti. Akanijia palepale mstarini.

"Umehama mara mbili. Wananchi wanakulisha hapa. Unataka kujifunza nini?"

Watu walikuwa wananitazama. Aibu ikanipanda kichwani, nikamjibu, "Hata wewe mwenyewe hujui chuo chako kinafundisha nini."

Nani asiyejua kilichofuata? Nilifungasha godoro kabla ya chai.

Nyumbani baba alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu mgumu, sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi, si mama, si jirani. Asubuhi nilimkuta mpakani kwenye masale. Isale ni lile jani refu tunalolipanda kwenye mipaka na makaburini. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, unakaa naye chini. Hulikatai. Mchungaji hakulipenda jambo hilo, ila baba hakumuuliza. Alichagua jani lisilochanika, akalifunga fundo, akalizungushia jani la mgomba. Kisha akavaa koti lake la Jumapili, na ilikuwa Jumatano.

Tuliteremka kwa miguu hadi barabarani, tukapata lori. Njia nzima alilipakata lile isale kwenye mapaja kama mtoto mchanga.

Ofisini tulimkuta mkuu wa chuo pamoja na mwalimu wa useremala.

"Shikamoo, mzee," mkuu alisema, akampa kiti.

Baba aliitikia marahaba, lakini hakukaa. Alilifungua jani la mgomba, akaliweka isale juu ya meza kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo inavyofanywa, maneno hayatakiwi. Nilisikia moyo wangu ukishuka mahali pake. Nilijua yamekwisha.

Mkuu alilitazama jani, akamtazama baba. "Hiki nini, mzee? Uganga hapa hapana. Hiki ni chuo cha serikali."

Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuuzia kahawa. Akamgeukia mwalimu, akamwambia kwa Kichagga, "Mwambie."

Isale ni moja mlima mzima, Masama hadi Rombo. Mwalimu yule aliliona, akalijua, tena nilimwona amelijua, maana alitaka kusimama kisha akakaa. Akatazama dirishani.

"Majani tu, mkuu," alisema. "Wazee wa huku wana mambo yao."

Mkuu akalishika kwa ncha ya vidole viwili, akaliangusha kwenye kapu la karatasi. Huyo hakujua, siwezi kumhukumu sana. Mwalimu alijua. Aliogopa kuonekana mshamba mbele ya bosi, na kwa hofu hiyo akamwacha mzee wa watu amesimama na kichwa chini mbele ya kapu la taka. Nikiwapanga wakosaji wangu kwa uzito, yeye ndiye ninayeanza naye.

Lakini niseme kweli yote. Mkuu hakuwa amefunga mlango. Aliniita karibu.

"Kwa heshima ya mzazi wako nakupa nafasi. Nijibu moja tu. Ukirudi, unaingia fani gani?"

Neno moja lilitosha. Useremala. Uashi. Baba alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mdomoni.

"Yoyote, mkuu," nikasema.

"Yoyote haina banda hapa, kijana. Mzee, nenda salama."

Tuliposhushwa na lori tulianza kupanda. Baba alitangulia, mimi nyuma. Tulipofika kwenye daraja la mfereji akasimama, bila kugeuka.

"Wewe unataka nini?"

Hakuwa amewahi kuniuliza. Na jibu lilitoka lenyewe, sikulitafuta, nikajua kwamba ndilo lililonikwamisha kwenye mlingoti asubuhi tatu.

"Nataka kihamba, baba. Nipalilie migomba, nifuge ng'ombe. Sitaki kingine."

Aliyatazama maji yanayopita chini yetu.

"Hicho kina mwenyewe," alisema, akaendelea kupanda.

Naye nimemtaja. Alinipenda kiasi cha kwenda kujidhalilisha mbele ya wageni, lakini si kiasi cha kunikatia robo eka. Mila ilimruhusu kuomba radhi, haikumruhusu kugawa upya. Wapo wanaosema nijiweke na mimi kwenye orodha. Waseme.

Mwezi huohuo niliteremka tena, nikaajiriwa kukata miwa shambani kwa watu. Nimekata miwa, nimebeba magunia ya kahawa, nimelinda geti la Mhindi mmoja mpaka akauza duka akaondoka. Sasa nimepanga chumba Soweto. Uani mwenye nyumba kaniruhusu kupanda mgomba mmoja, kwa masharti kwamba ndizi ni zake.

Krismasi iliyopita nilipanda kwenda kula nyama na ndugu. Kaka mkubwa, ambaye sasa naye ni mzee, alinishika mkono akanizungusha kihambani, katikati ya kahawa, upande wa chini.

"Hapa," aliniambia, "hapa nimekuachia wewe nafasi. Ukifa usiwe na wasiwasi."

Nilimuuliza kama naweza kupanda maharage hapo kwa wakati huu. Akacheka, akidhani nafanya utani.