Tulipimwa DNA mimi na baba mwezi wa Ramadhani, baba akagoma kufungua mdomo

Wakuu shikamooni, na wa rika langu mambo.

Niko form three hapa Mafia, kwetu Miburani. Wanaonijua wanajua kwa utani sishikiki, ila hili naliweka lilivyo. Hata nguvu ya kuongeza chumvi sina.

Baba yangu ni mvuvi. Kabla sijazaliwa, watu wa hifadhi ya bahari walimchukulia juya lake, ule wavu wa kukokota. Miaka hiyo hiyo askari mmoja wa hifadhi, mtu wa bara, mrefu kama mnazi, alipanga nyumba ya jirani.

Mimi nami nikarefuka.

Basi. Ushahidi wote ndio huo.

Shangazi, dada yake baba, kila akija ananikagua kama anachagua samaki changu sokoni. "Kwetu hakuna mtu wa urefu huu. Wale watu walichukua juya tu kweli?"

Mara ya kwanza baba alicheka. Mara ya pili hakucheka. Baadaye "mwanangu" ikapotea, nikawa "huyu".

Mama akasema, "Twende tukapime."

Rafiki wa baba akadai group la damu linatosha. Dada wa ustawi wa jamii akamjibu kuwa group linaweza kumkataa mtu, kumthibitisha haliwezi. Akatuandikia barua, maana maabara huendi tu kama unaenda kunyoa.

Tukavuka hadi Dar.

Mtaalamu akatueleza: nusu ya DNA yangu imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Wanasoma sehemu kadhaa, wanatenga zinazofanana na za mama, zinazobaki lazima zionekane kwa baba. Zikikataa sehemu nyingi, huyo siye.

Sindano hakuna wakuu. Ni kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu.

Nikasuguliwa mimi. Akasuguliwa mama. Ikafika zamu ya baba.

Akafumba mdomo.

"Nimefunga," akasemea puani.

"Mzee, pamba ni kavu hii."

"Nitameza kitu. Tungoje magharibi."

"Magharibi hapa hapana mtu, mzee wangu."

Mama akageuka.

"Tangu mwezi uandame unanisingizia zinaa, saumu yako haijabatilika. Leo ndiyo ibatilishwe na pamba?"

Kwenye benchi watu wote wakainamia simu zao. Mimi ambaye huwa nacheka hata msibani, sikucheka.

Baba akafungua mdomo.

Tukarudi kusubiri. Wiki zile baba alikula futari peke yake barazani.

Majibu yakaja: mimi ni wake. Urefu ni wa babu mzaa mama, yuko Kanga, hakuna aliyewahi kumtazama. Baba akalia mbele ya dada wa ustawi. Shangazi akasema mashine zenyewe za watu wa bara hizo.

Nikadhani yameisha. Mama akafunga mizigo akarudi kwao Kanga.

"Majibu yalikuwa yenu," akaniambia. "Mimi yangu nilikuwa nayo."

Sasa kila Jumamosi baba ananipa samaki, napanda bodaboda, nampelekea mama. Anapika, tunakula, hatumi neno. Baba akiniona narudi anauliza, "Kasemaje?" Namjibu, "Hajasema kitu." Nimechoka wakuu, hata daftari la Biology linanuka samaki.

Nilichojifunza: kipimo kilimrudishia baba mtoto. Mke akamtafute kwa mdomo wake ule ule.

Ila Jumamosi iliyopita mama alikuwa anaosha sufuria, akauliza bila kuniangalia, "Kile kikohozi cha baba yako kimepoa?"

Baba bado sijamwambia.

Nimwambie leo, au nimwache kidogo naye aonje kusubiri majibu? Mnasemaje wakuu.