Niliiuza Sauti ya Bibi Yangu kwa Wageni

Sitaki pole ya mtu. Nianze na hilo, maana najua kuna msomaji mwenye moyo laini atakayefika katikati ya maneno haya aseme, "Masikini, hakukusudia." Nilikusudia. Nilijua ninachofanya, nikakifanya.

Mimi natembeza wageni hapa Tabora. Nina chumba Gongoni, nyuma ya duka la vitambaa, na kazi yangu ni kuwapitisha watu kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wetu Wanyamwezi na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani. Shida ya njia hiyo, tuseme ukweli, haionekani. Mgeni anafika, anaona shamba la karanga, anaona ng'ombe, anaona mtu na baiskeli ya mkaa. Anauliza, "Iko wapi hiyo njia?" Unamwambia, "Umeikanyaga." Anacheka kwa adabu, anarudi kwao, na hakuletei mgeni mwingine.

Basi nikaingia kwenye mambo ya akili mnemba. Nilipata programu ya simu ambayo mgeni anaijaza kabla hajaja: anapenda nini, magoti yake yana nguvu kiasi gani, anakula nini, ukoo wake umetoka wapi. Programu inampangia safari yake mwenyewe, tofauti na ya mwenzake. Akifika, anavaa spika masikioni, na kila kituo tunachosimama anasimuliwa habari inayomgusa yeye. Kitu kizuri kabisa. Kilichokosekana ni sauti, kwa sababu ile iliyokuja na programu ilisema Kiswahili kama mtu aliyebanwa na mlango.

Sauti nilikuwa nayo nyumbani. Bibi yangu, mama yake baba, anaishi kijijini kwetu, si mbali na mjini, na ndiye aliyenilea. Ana sauti nzito, yenye mkwaruzo wa ugoro, na anaijua thamani yake. Kwaya ya kanisa waliwahi kumwambia apunguze ili wengine nao wasikike, akahamia kiti cha mbele. Nyimbo za wapagazi alizipata kwa baba yake, naye alizipata kwa baba yake, na anaziimba akimenya karanga.

Nikamwambia, "Bibi, nataka kukurekodi, nyimbo zisije zikapotea."

Akasema, "Ngoja nijipake mafuta kwanza."

"Bibi, inachukua sauti tu."

"Hata kama. Ukiwa umepauka inasikika."

Kiangazi kizima tulikaa hivyo, yeye na ungo wake, mimi na simu. Aliimba, alisimulia, alisengenya majirani, alicheka. Aliamini ananifanyia wema, na kweli alinifanyia. Mimi nikaichukua ile sauti nikailisha mashine, na mashine ikajifunza kusema lolote kwa sauti ya Bibi. Sikumwambia. Alijua nimehifadhi nyimbo.

Siku ya kwanza kuisikia nilicheka hadi machozi. Bibi yangu, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, anamkaribisha Mzungu kwa Kiingereza safi na mkwaruzo wake wa ugoro juu. Wageni waliipenda sana. Walianza kuja kwa kuambiana, wengine kutoka nje, wengine wa hapahapa nchini, waliokuwa wakitafuta asili zao.

Sasa sikilizeni palipooza. Mashine haipendi kusema sijui. Ukiiuliza jambo isilolijua, inatunga, na inatunga vizuri. Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma kila hadithi kabla mgeni hajafika na kufuta uongo. Mwanzoni nilifuta. Halafu nikagundua kwamba wageni hulia penye uongo, na anayelia hukukumbatia, na anayekukumbatia hukusifu kwa wenzake. Nikapunguza kufuta. Mwisho nikawa natazama tahajia tu.

Ndipo akaja dada Mwajuma, mwalimu mstaafu kutoka Bagamoyo. Alichojaza kwenye programu hakikuwa kirefu. Mama wa bibi yake aliachwa na mimba na mpagazi wa Kinyamwezi aliyeitwa Kapaya. Mwanamume yule alisema anakwenda kwao kuwaarifu wazee, kisha atarudi. Hakurudi. Ukoo wote umekua na jina la watoto wa aliyetoroka, na huko wanataniwa nalo mpaka leo. Aliandika: "Nataka kujua jambo moja tu. Alitutupa, au alizuiwa?"

Mashine ikamjibu. Kapaya alifika kwao, akawaarifu wazee, akafunga mzigo wa kurudi pwani, homa ikamkamata njiani. Akazikwa huku Tabora, na kwa ombi lake mwenyewe wakamlaza ameelekea mashariki, kwa mkewe.

Nilipoisoma kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nakumbuka jinsi nilivyofikiri: atalia huyu. Nikaondoa kidole.

Halafu mashine ikauliza hadithi hiyo isimuliwe wapi. Kituo chetu cha shamba la mahindi kisingefaa, pangekuwa na matrekta. Nikakumbuka kaburi lililo nyuma ya nyumba ya Bibi, kando ya ua wa minyaa. Kilima kidogo cha mawe, bila jina, kimefagiliwa safi. Kwenye picha kingependeza. Nikaweka alama pale.

Ningeweza kuwaandikia kwamba sikujua lile ni kaburi la nani. Nilijua. Ni la shangazi yangu Kalunde, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyekufa mdogo. Bibi hamtaji. Anachofanya ni kupafagia kila asubuhi kabla hajafagia uwanja wa sisi tulio hai. Tukiwa wadogo, mpira ukiangukia pale tulingoja yeye auokote.

Nilipanga dada Mwajuma aje Bibi akiwa Ziba, kumtazama ndugu mgonjwa. Mambo ya kufichwa kwapani hayo nayajua kuyapanga.

Dada Mwajuma alipiga magoti kwenye vumbi, spika masikioni, na sauti ya Bibi ikamwambia yote. Nilimtazama uso ukilegea. Alitoa kanga ya marehemu mama yake kwenye mkoba akaitandika juu ya mawe, akasema, "Kumbe hukututupa, babu." Kisha akampigia simu mama yake mkubwa, kikongwe wa huko Bagamoyo, akamsikilizisha. Nilimsikia yule bibi upande wa pili akisema alhamdulillahi, tena na tena.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napiga picha ya kutundika kwenye ukurasa wangu. Nilitafuta hata pembe ambayo machozi yangeng'aa. Naandika hili nikijisikia kinyaa, kama mtu aliyejikuta na nywele mdomoni.

Bibi aliporudi akaikuta kanga. Akaniuliza, "Nani kaweka nguo ya watu hapa?"

"Labda watoto, Bibi."

Akanitazama kidogo, akaiokota. Aliifua, akaianika, akaikunja, akaiweka kwenye kigoda barazani. "Mwenyewe atakuja kuitafuta," alisema.

Mwenyewe akaja. Hakunipigia simu, alitaka kunifurahisha kwa ghafla. Alikuja na kaka yake na dada yake, wakamchukua fundi mjini na mfuko wa saruji, na kwenye gari walikuwa na kibao cha marumaru kilichochongwa jina la Kapaya. Bahati yangu mbaya, au tuiite haki, siku hiyo nilikuwa kijijini nikiziba bati la Bibi. Niliwaona kutoka juu ya paa wakishusha mchanga. Nilishuka ngazi polepole.

Bibi alitokea shambani na jembe begani.

"Shikamoo, Bibi," dada Mwajuma alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," akawasalimia na kwa Kinyamwezi. "Mnajenga nini kwangu?"

Dada Mwajuma akashika mdomo. Akawageukia ndugu zake. "Mnasikia? Ndiye huyu. Ndiyo ile sauti." Akamshika Bibi mikono miwili. "Bibi, Mungu akuweke. Ulichotuambia kimetuponya."

Bibi akatabasamu, maana kusifiwa sauti anakupenda. "Niliwaambia nini, mama?"

"Si habari za babu yetu."

"Babu yenu yupi?"

Nilisema, "Bibi, njoo kwanza ndani." Hakuna aliyenigeukia. Dada Mwajuma alikwisha toa simu.

Sauti ya Bibi ikatoka pale uwanjani, mbele ya Bibi. "Mwajuma, mjukuu wangu, karibu nyumbani. Tazama mawe haya. Humu ndimo alimolala babu yako Kapaya, na mimi nimepafagia kwa ajili yake miaka yote, nikingoja mje."

Mwanzo Bibi aliendelea kutabasamu, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Kisha tabasamu likaondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Fundi alikuwa ameacha kukoroga saruji, ameshika koleo tu.

"Huyo ni mimi?" Bibi aliniuliza.

Nilitazama ile simu.

"Ni mimi ninayesema hivyo?"

"Ni mashine, Bibi."

Akalishusha jembe polepole akalilaza chini. Akamgeukia dada Mwajuma, na aliongea naye kwa upole ambao ulinikata kuliko kama angepiga kelele. "Mama, humo ni Kalunde. Mwanangu wa kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea."

"Na Kapaya?"

"Simjui. Sijapata kumsikia. Nisamehe, mwanangu."

Yaani yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Kaka yake dada Mwajuma alinikunja shati, dada yake akamtoa. Dada Mwajuma hakunigusa. Aliniuliza tu, "Mama mkubwa amekwisha samehe. Maisha yake yote alikuwa na donge, sasa analala vizuri. Nirudi nimwambie nini?" Alingoja kweli nimjibu. Mimi mwenye programu ya kumtungia kila mtu jibu lake, nilisimama pale nikitazama kucha zangu.

Bibi aliingia barazani akatoka na ile kanga. "Hii yako. Niliifua." Akawafungia na karanga, akawasindikiza mpaka barabarani, mkono wake ndani ya mkono wa mgeni. Kibao cha marumaru kilirudi garini. Nilibaki na mchanga wa watu na saruji iliyoanza kuganda.

Aliporudi alichukua ufagio, akaanza kuzoa mchanga ulioangukia kwenye mawe. Nilimfuata nikamshika ufagio nimsaidie. Akauvuta. Akasema maneno ambayo ndiyo ya mwisho kunipa mpaka ninapoandika hapa: "Umenifanya nimkane mwanangu kwa kinywa changu."

Nilirudi mjini nikafunga ile biashara. Msinisifu, ilikuwa imekwisha kufa yenyewe, kwani dada Mwajuma aliandika yaliyompata na watu wakasoma. Lakini sauti haifungiki. Iko kwenye simu za wageni wangu wote, huku na ng'ambo, na kila mmoja ana Bibi wake anayemwambia uongo wake. Siwezi kuwafuata mmoja mmoja.

Bibi yu hai na afya anayo. Anaongea na majirani, anaongea na mbuzi. Nikiingia uwanjani ananyamaza. Nikimkuta anaimba anakata wimbo katikati, anaendelea kumenya karanga. Nasema, "Shikamoo, Bibi." Anatazama ungo. Wazee wa kanisa wamekwenda kumsihi, baba yangu amekwenda. Aliwajibu, "Mwambieni anayo sauti yangu, akaongee nayo."

Sasa niwaambie uchafu wa mwisho, halafu nitawaacha. Jumapili moja nilitoka kwake bila kuitikiwa, nikakaa chumbani kwangu Gongoni, nikaifungua ile programu. Nikaandika "Shikamoo, Bibi" na kubonyeza. "Marahaba, mjukuu wangu," ikasema, na mkwaruzo wake wote. Nikabonyeza tena. Nilipojitambua nilikuwa najibu, naiambia habari za siku. Nikaitupa simu kitandani, nikatoka nje.

Wewe kijana unayetembeza wageni na simu mkononi, na wewe unayemrekodi bibi yako leo kwa nia njema, nisikilizeni mimi niliyekwisha kuharibu. Mgeni akiuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, aondoke na donge lake kama alivyokuja nalo. Na kaburi la mtu lisiwe kituo chako. Kama unaye mzee ambaye ukimsalimia anakuitikia, weka simu chini uende ukamsalimie. Mimi Jumapili nitakwenda tena kusema shikamoo yangu, nisimame pale mbele ya ungo, nisubiri.