Nilimchora mama akianguka, sasa binti yangu anataka watu wacheze

Admin, jina langu libaki kwako. Na ninyi mnaosoma, naomba msinitukane kabla sijamaliza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Nyasura hapa Bunda, ila kwetu ni Butiama. Binti yangu ana miaka ishirini na nne, kazi yake ni kutengeneza michezo ya kwenye simu. Najua wapo watakaosema hiyo siyo kazi. Mimi siwezi kusema hivyo, maana niliifanya kabla yake, kwa daftari la hesabu.

Miaka ya tisini, maduka yalipoanza kujaa vitu tena, kaka yangu mkubwa alikuwa fundi redio pale Iringo, Musoma. Akapata kompyuta chakavu ya ofisi moja iliyofungwa, akahangaika nayo mpaka ikawaka. Alitaka atengeneze mchezo wa kupigana, wapiganaji wawe watu wa kwetu. Yeye kuchora hawezi kabisa. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwake, akanipa daftari la mraba. Kijumba kimoja, rangi moja. Ngumi moja unaichora mara sita: mkono uko nyuma, bega linazunguka, mkono umenyooka, unarudi. Kaka anazijaza kwenye kompyuta kijumba kwa kijumba, zikipita haraka unaona mtu anapiga. Nilikuwaga nachora mpaka vidole vinakufa ganzi, na ile kazi niliipenda kuliko chakula.

Sasa shida ni kwamba huwezi kuchora mtu anapigana kama hujawahi kumwona, tena kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja tu. Baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hanywi, hatukani, watu wanakuja kwake kusuluhishwa ndoa. Na mama alikuwa anapigwa mchana kweupe, jikoni, mlango umerudishwa, sisi watoto tumejibana ukutani. Kwa hiyo ngumi ya yule mpiganaji ni ya baba. Yule mwanamke anayeanguka ni mama. Picha tisa. Nilizichora asubuhi moja bila kufuta hata kijumba.

Kaka alitoka nyumbani mapema, hayo hakuyaona. Alipozijaza akaniuliza, "Mbona amepigwa usoni halafu anashika tumbo?" Nikamwambia anaangukaga hivyo. Siku ile aliyopigwa, mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho. Kaka aliniangalia, akarudi kwenye kompyuta, hajaniuliza tena mpaka leo. Vijana wakawa wanajazana dukani kwa kaka. Mwanamke akianguka wanacheka, wanasema rudia, rudia. Na mimi nacheka nao. Nilijiona fundi jamani, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Kompyuta ikafa, mchezo ukaishia hapo. Madaftari nikayafungia kwenye sanduku.

Mwaka huu binti yangu akayakuta. Akayapiga picha yote, akayaingiza kwenye mchezo wake, na kuna kampuni imeupenda inataka kuutoa. Wanachosifia zaidi ni ile kuanguka. "Mama, ulijuaje? Watu wanasomea hii kitu na hawawezi," ananiambia. Na yule mpiganaji amempa jina la babu yake. Alimpenda sana marehemu, kwa wajukuu hakuwahi hata kufoka. Sasa anataka aoneshe ukoo wote Jumamosi hii, Butiama, baada ya ibada ya kumkumbuka baba, mama yangu akiwa amekaa mbele.

Nikakataa. Nikamwambia madaftari ni yangu, toa kila kitu. Akalia, akasema, "Una wivu mama, kwa sababu mchezo wako haukufika popote." Tangu hapo salamu yenyewe ni ya kulazimishana. Nikisema ukweli namvunjia heshima babu yake, na namvua nguo mama yangu ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote. Nikinyamaza, watu wengine tena watacheka mama akianguka.

Juzi mama akanipigia. Akauliza mvua, akauliza mihogo yangu. Halafu akasema, "Mjukuu wangu amenionesha ule mchezo kwenye simu." Nikasema mama nisamehe, nitahakikisha anaufuta. Akanikatiza.

"Sijasema ufutwe. Nimeuangalia mara nyingi tu. Mimi nauliza, mbona hukunichora nikiinuka? Siku ile niliinuka, nikawapakulia chakula, mkala."

Ni kweli, tulikula. Tangu jana nimekaa na daftari jipya la mraba na mkono hauendi. Kuanguka nakumbuka kipande kwa kipande, ila alivyoinuka sikumwangalia, nilikuwa namwangalia baba. Ili nimchore itabidi nimwombe mama mwenyewe anioneshe, bibi wa miaka sabini na sita, alale chini mbele yangu ainuke. Na binti yangu atauliza ni kwa nini.

Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, niende kwa mama na daftari, au niende kwa binti yangu nimwambie azime kila kitu?