Mgonjwa Nyuma ya Kufuli, Malaba

Siku yangu ya kwanza kukagua kliniki za upasuaji mdogo, zile ambazo mgonjwa hupasuliwa asubuhi na jioni yuko kwake, Mkaguzi Mkuu pale Busia alinipa agizo moja. "Sista, leseni ukutani itangoja. Wewe enda chumba cha nyuma kwanza."

Chumba cha nyuma hakijui kudanganya. Huko tuliangalia mtungi wa mvuke wa kuua viini. Vifurushi vya vyombo hubandikwa utepe, na joto likitosha, mistari yake hugeuka myeusi. Wajanja walibandika utepe wa juzi, kana kwamba mimi nilizaliwa jana.

Nilipohamishiwa Malaba nilianza kufanya kazi roho mkononi. Gari letu lilijulikana na kila boda boda. Tukifika, kliniki imefungwa, na asiye na leseni ameshavuka mpaka, anakunywa chai Uganda. Afisa wa Kanda, mkubwa wangu wa huko, hakupenda kupoteza muda. Alipiga mlango muhuri, akaondoka.

Asubuhi moja tulikuta kufuli bado linabembea.

"Weka seal, Sista. Huyo ashavuka."

"Na kama kuna mtu ndani?"

"Mtu gani? Si imefungwa na nje!"

Nikagonga, nikaita. Kimya. Lakini chini ya mlango ilitoka harufu ya ayodini, dawa tunayopaka ngozi kabla ya kisu.

"Boss, hiyo imepakwa saa hii. Vunja."

Alinung'unika, ila dereva akavunja. Mezani alilala mama mmoja wa Butula, macho wazi, amechomwa ganzi ya begani tu. Uvimbe ulikuwa umekatwa nusu, damu ikidondoka sakafuni. Nikavaa glavu nikabana kidonda mpaka ambulensi ikafika. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuionja tena.

"Mama, mbona hukuitika?"

"Daktari alisema nyinyi ni watu wabaya, ninyamaze mpaka arudi."

Alipona. Mimi nimestaafu, nalima Namboboto, na bado redio ikitangaza kliniki zilizofungwa, naacha kula, najiuliza kama kuna mgonjwa aliyefungiwa ndani. Nyinyi mnaokagua leo, msiridhike na kimya cha chumba. Yule mama alisikia kila neno letu pale nje, na aliona heri damu imtoke kuliko kutuitikia.