Livu ya Mjomba Kornel

Mjomba wangu Kornel alikuwa tarishi wa boma la Nachingwea miaka tisa, akipeleka barua kwa miguu hadi Kilimarondo na kurudi. Masika ya mwaka 1953 goti lilimvimba, akalificha ndani ya soksi ndefu za serikali. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mjomba aliogopa kufukuzwa kuliko kufa.

Siku moja bwana shauri mpya, ofisa wa boma, alimwona akishuka ngazi kwa makalio. Akamwandikia livu, yaani likizo, ya siku ishirini na nane, aache mkoba na kofia ofisini, mshahara wake uko palepale. Karani alimfafanulia mara mbili. Mjomba alisikia habari ya mkoba tu.

Akatujia kijijini kwetu Nkowe kichwa wazi. Sisi, kwa ujuaji wetu, tulisema serikali haimlipi mtu alale, basi amefukuzwa. Naye akatuamini. Kesho yake akaja Saadi, Myao, mtani wetu, amejipaka majivu. Akaketi barazani akiililia kazi ya mjomba kama maiti na kudai kuku wa matanga. Aurelia, mke wa mjomba, akamchinjia. Mtani akishakula kuku wa msiba, nani tena atabisha kwamba hakuna aliyekufa? Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa. Mjomba alichanganyikiwa zaidi. Kila asubuhi alivaa soksi zake, akakaa, asijue aende wapi.

Siku ya kumi akashika fimbo, anarudi boma kuomba msamaha. Aurelia akamzuia mlangoni, akamuuliza kosa lake ni lipi.

"Silijui," mjomba akasema. "Nitaliuliza hukohuko."

"Umesimama hapo muda wote huu, mume wangu. Goti linauma?"

Akainama, akaishusha soksi. Goti lilikuwa limenywea. Akalikunja, akalikunjua, akatutazama mmoja mmoja kwa woga.

"Kwa hiyo wamenifukuza ili nipone?"

Aurelia alimwondolea fimbo na kumwekea kiti.

Siku zilipotimia alirudi Nachingwea, akaukuta mkoba kwenye msumari uleule. Karani akamuuliza kama amepumzika vizuri. Mjomba, kama alivyonisimulia baadaye, akautungua mkoba kwanza.

"Bwana karani," alimwambia, "kumbe hilo ndilo nililotumwa?"