Abiria Niliyemwita Pale Kisian

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu tuendelee. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Jumamosi asubuhi, jua likiwaka, tumboni nina chai ya maziwa na mandazi mawili. Nasema hivyo kwa sababu wapo watu hapa Kisumu, watu wa digrii, wanaotembea wakisema yule fundi mzee alikuwa amelewa. Amelewa nini? Mimi niliacha pombe wao wakiwa bado wananyonya.

Mimi ni fundi wa magari. Shule niliachia darasa la nne, lakini gereji yangu nyuma ya soko la Kibuye nimeijenga kwa mikono hii, na hakuna mtu wa kusema alinisaidia. Wale mabwana wa chama cha magari ya zamani, madaktari, mawakili, Wahindi wenye viwanda, magari yao yote mimi ndiye huyatibu. Kila mwaka wakienda safari yao ya wikendi, mimi nilikuwa nafuata nyuma na sanduku la spana ili gari la bwana fulani likizima nilale chini yake. Saa ya kula, mimi nakula kando.

Mwaka huu nikasema hapana. Ninalo langu. Ni stesheni wagoni ya Kifaransa, ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyokuwa ikibeba abiria wa Usenge sisi tukiwa vijana. Nililikuta Port Victoria limegeuzwa nyumba ya kuku. Miaka sita nimelifufua, nati kwa nati, na springi za nyuma nikaweka mpya. Safari ilikuwa Kisumu mpaka Usenge, na kule ufuoni majaji wangekagua kila gari. Likipita, mwenye gari anaandikwa mwanachama. Hilo ndilo nililotaka, jina langu liandikwe kama mwenye gari, si kama fundi wao. Sharti lilikuwa moja: usitoke kwenye msafara. Ukikata kona peke yako, umejitoa.

Tulisimama Kisian, pale njia ya Bondo inapoachana na ya Busia, tukisubiri waliochelewa. Watu wa soko wakatuzunguka. Mama mmoja wa ndizi akapiga makofi, “Yawa! Si hili ndilo lilikuwa linatupeleka nyumbani!” Basi, mimi nikavimba. Nikatoa kichwa dirishani, nikaita vile makondakta wa zamani walivyokuwa wakiita: “Usenge! Usenge! Bado mmoja! Njoo, twende nyumbani!” Watu wakacheka. Nikaita tena.

Mke wangu, Mama Atieno, alikuwa kando yangu amevaa nguo ya kanisani. Akanifinya paja.

“Baba Atieno, nyamaza. Barabara hii imekula watu. Unamwita nani nyumbani?”

Alikuwa na haki. Sisi kwetu, mtu akifia barabarani, kuzika mwili peke yake hakutoshi. Watu wa damu yake wanatakiwa waende mpaka pale alipoangukia, wamwite kwa jina, wamwambie twende nyumbani, na waongee naye njiani mpaka mlangoni. Asipoitwa anabaki palepale, mvua yake, jua lake. Nilijua hayo tangu utoto. Lakini mtu akisifiwa gari lake, niambieni, anasikia la mtu?

Tulikuwa tumekwenda kitambo kidogo, tumeacha Kisian nyuma, Mama Atieno akaniuliza kwa sauti ya chini, “Umebeba mtu na hukuniambia?”

Nikatazama kioo. Safu ya mwisho, upande wa kushoto, ameketi mzee. Koti la kahawia, kofia, magotini amepakata mfuko wa karatasi na mkate unachungulia. Niaminini, mlango wa nyuma haukufunguliwa. Ule mlango una kelele yake, mimi ndiye niliyeufungia bawaba.

Mama Atieno ni mtu wa adabu hata akiogopa. “Habari ya asubuhi, Jaduong',” akamwamkia, maana ndivyo tunavyomheshimu mzee.

“Nzuri, mama. Ila huyu dereva wako anaendesha kama anafukuza kuku.”

Hebu fikiria! Ndani ya gari langu! Nikamwambia, “Mzee, hili si gari la abiria. Umeingiaje humu?”

“Si uliniita?”

“Nilikuwa nacheza.”

“Mimi sikuwa nacheza,” akasema. “Utanishusha pale posho mill, penye kinu cha unga, ukishapita Akala. Sukari isimwagike, nimewanunulia watoto.”

Nikataka kumjibu vibaya. Mama Atieno alikuwa ameshika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Yule mzee akaendelea, taratibu, kama anayezungumza na dirisha: “Nimesimama siku nyingi. Magari mengi yamepita. Hakuna aliyesema twende nyumbani ila wewe.”

Tukafika Akala, tukapita. Nikaiona posho mill upande wa kushoto, paa limekwenda, kuta zimeota majani. Kando yake kanjia kanaingia ndani. Mbele yangu lilikuwa gari la Daktari, mwenyekiti wa chama. Nyuma yangu wakili mmoja na gari lake jekundu.

“Dereva, shusha hapa.”

“Baba Atieno, simama,” mke wangu akasema.

“Nikisimama nimejitoa.”

“Simama, wewe mwanamume!”

Sikusimama. Nasema ukweli, ingawa unaniaibisha. Nikamwambia yule mzee, “Nitakushusha tukirudi.” Nikakanyaga mafuta.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Nimepitishwa tena.” Nilipotazama kioo, kiti kilikuwa kitupu. Lakini gari halikuwa tupu. Dereva yeyote anajua gari likibeba mzigo nyuma, usukani unakuwa mwepesi, pua inatazama juu. Lilikwenda hivyo mpaka Usenge.

Kule ufuoni tukapanga magari karibu na nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani. Jaji akafika kwangu, akapiga magoti, akapima kwa vidole.

“Mzee, gari lako limelala kushoto. Springi imekufa.”

“Springi gani? Springi ni mpya!”

Yule wakili akacheka mpaka akashika tumbo. “Fundi wetu ameshindwa kujifungia springi!”

Nikatoa jeki palepale. Nikang'oa gurudumu, nikawaonyesha springi zote mbili, nzima, sawasawa. Nikalishusha gari. Likalala tena vidole vinne, upande wa kushoto, mbele ya macho yao. Jaji akaandika alichoandika. Halafu Daktari akanishika bega, akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma, “Mzee wangu, labda mwaka ujao. Sasa niangalizie kabureta, gari langu linakohoa kidogo.” Miaka sita ya jasho, naambiwa niangalie kabureta! Sikuliangalia. Likohoe.

Tukaondoka bila kuaga. Pale posho mill palikuwa na mama anachoma mahindi. Nikamweleza kofia, koti na mkate. Akaacha kupepea moto. Akanitajia jina la mzee huyo, akasema alifia njiani, gari la Usenge lilipoanguka likitoka Kisian, zamani, na akatuonyesha boma la mtoto wa ndugu yake, lango la chuma.

Kijana huyo wa boma, kijana wa miaka hamsini hivi, alitoka na Biblia kwapani. Nikamwambia habari yote.

“Mzee, huyo tulimzika,” akasema. “Kaburi lile pale, lina simenti.”

“Mlizika mwili. Nani alikwenda barabarani kumwita?”

“Sisi tumeokoka. Hatuiti wafu.”

Hapo Mama Atieno akashuka garini. Mke wangu ameimba kwaya maisha yake yote, hajawahi kukosa ibada. Akamsogelea mpaka kijana akarudi nyuma. “Umeokoka kuliko Yesu? Yeye hakusimama kaburini akamwita Lazaro kwa jina? Au alituma gari la mtu mwingine?”

“Mama, tafadhali, hapa ni kwangu.”

“Na yeye je, kwake ni wapi?”

Akafunga lango. Tukasikia komeo. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari mimi mwenyewe, nikaita lile jina nililopewa, mara tatu, nikasema mzee, umefika, shuka. Nikainama kutazama springi. Hazikuinuka hata kidogo. Ndipo nikaelewa. Mimi si damu yake. Mimi nikiita, napata abiria tu.

Gari liko gerejini hadi leo, na limelala upande ule ule. Yule wakili aliyecheka amekuja mara mbili akitaka kulinunua. Nimemfukuza. Nitauzaje gari lenye mtu ndani? Chama hakijaniandika na sidhani kitaniandika. Jumamosi tukipata nafasi tunalitoa, tunakwenda nalo mpaka lile lango, Mama Atieno akimweleza mzee njia: hapa ni Akala, hapa ni posho mill, sasa tunaingia kwako. Napiga honi. Pazia linatikisika. Hakuna anayetoka.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaosoma. Kama kuna wenu aliyeangukia njiani, acheni kujificha nyuma ya simenti na maombi. Ombeni, ndiyo, lakini mwende. Mwende ninyi wenyewe, mumwite kwa jina alilopewa na mama yake, mwongee naye mpaka mlangoni. Msisubiri mgeni mpumbavu apite na gari zuri. Mimi nitambeba huyu mpaka mgongo wangu uvunjike, kwa sababu nilimpitisha. Lakini huyo si wangu. Ninyi wa lango la chuma, huyo ni mtu wenu.