Visu Vilivyonyooshwa

Kwa miaka kumi na tatu kazi yangu imekuwa kukata kona kushoto. Mbio fupi za barafu ndivyo zilivyo: mnazunguka uwanja mdogo wa ndani, wanne au watano, mmeinama kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka, na kila kona ni ya kushoto. Kulia sikujui.

Wazazi wangu walinileta Toronto nikiwa na miaka minane. Huko Morogoro mama alikuwa akigandisha barafu za ubuyu na kuwauzia watoto wa shule, kwa hiyo nilipomwambia nataka kukimbia juu ya barafu alicheka mpaka akakaa chini. "Barafu inanyonywa, mwanangu. Haikimbiwi." Akina mama wa kanisani waliniuliza kila Jumapili kama bado nacheza ule mchezo wa kuteleza. Walidhani navaa kisketi na kuzunguka kama pia. Nilichoka kueleza, nikaacha.

Nilifika mpaka kuwa mchezaji wa akiba wa timu ya jimbo, yaani mtu anayesafiri mbali kwenda kuwashikia wenzake makoti. Kisha nikapata mimba. Kocha alinipa hongera kwa sauti ya pole. Kanisani walinipa pole kwa sauti ya hongera, maana sasa ningetulia.

Sikutulia. Binti yangu alipotimiza miezi minane nilirudi uwanjani, na mimi na mama tukawekeana mkataba. Yeye angekaa na mtoto asubuhi hadi siku ya mchujo wa timu ya jimbo. Nikichaguliwa, ataendelea. Nikikosa, viatu vinatundikwa, nami naenda kusomea kazi ya kutunza wazee. Fomu alishanichukulia. Aliibandika kwenye friji kwa sumaku ya pundamilia, ili niione kila nikifuata maziwa.

Wiki za mwisho nililalamika sana mezani kwamba miguu inanitoka kwenye kona. Ulikuwa uchovu tu, mtoto alikuwa anaota meno. Lakini baba alisikia. Hiyo ndiyo shida ya baba yangu, anasikia.

Baba ni fundi chuma. Morogoro alitengeneza madirisha ya nondo, huku anachomelea fremu za milango kiwandani. Jumamosi, kesho yake ikiwa mchujo, nilifunga viatu vyangu kwenye kibanio, nyayo juu, nikanoa visu. Ndivyo tunavyoviita nyumbani vile vyuma virefu vya chini. Nikaenda kumlaza mtoto, nikalala naye hadi jioni. Baba akapita, akafumba jicho moja, akachungulia urefu wa kisu kama anavyochungulia nondo. Akaona kimepinda.

Na kweli kilikuwa kimepinda. Visu vya mbio hizi hupindwa makusudi kuelekea kushoto, kidogo mno, ili viifuate kona. Kocha wangu huvipinda kwa kifaa maalumu, anapima, anarudia, anapima tena. Klabuni hata watoto wa miaka saba wanajua. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza, nami sikuwahi kusema.

Baba alivifungua, akavibana kwenye jiliwa lake la kubania chuma kule stoo, akavinyoosha kwa nyundo ya mbao, mchana mzima. Kisha akavirudisha mahali pake. Hakuniambia kitu. Alitaka iwe zawadi.

Asubuhi, katika kupasha misuli, niliingia kona ya kwanza, nikaegemea kushoto, nikaenda moja kwa moja kwenye magodoro ya ukutani. Nikarudia, nikaenda kwenye magodoro yale yale. Kocha alinivua kiatu, akaweka kipimo juu ya kisu. Mshale haukusogea.

"Nani kafanya hivi?"

"Sijui," nikasema, na nilijua. Namjua mtu mmoja tu anayeweza kunyoosha chuma bila kuacha alama hata moja ya nyundo.

"Ni kazi nzuri sana," kocha akasema, kama mtu anayetaka kulia.

Angekuwa fundi mbovu ningefuzu. Fundi mbovu angebakiza kapindo kidogo.

Kocha alivipinda upya kwa dakika kumi. Cha kulia kilikubali, cha kushoto kilikataa. Raundi ya kwanza nilipita kwa nguvu za hasira, ambazo sijawahi kupungukiwa. Fainali ilikuwa mizunguko tisa, na wawili tu ndio wangechukuliwa. Nilikuwa wa pili mpaka kona ya mwisho. Hapo mguu wa kushoto ulinitoka upana wa kiganja, msichana wa miaka kumi na saba akapita upande wangu wa ndani. Waamuzi walitazama picha. Alinishinda kwa ncha ya kisu.

Nyumbani baba alinipokea mlangoni, mtoto begani.

"Leo miguu haikukutoka, eti? Nilikunyooshea visu, mama. Vilikuwa vimepinda vibaya. Hao watu wa klabu walikuwa wanakudanganya."

Kwenye treni nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nikamwambia yote hapo hapo, koti mwilini, kwa sauti ambayo jirani aliijibu kwa kugonga ukuta.

Baba akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. "Vinapindwa makusudi? Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Mama akatoka jikoni na ile fomu, kalamu juu yake. "Mkataba ni mkataba."

"Acha," baba akasema. "Huyu hakushindwa. Nimemshinda mimi."

"Basi jaza wewe. Wazee watafurahi kupata fundi."

Hakuijaza. Aliomba kuhamia zamu ya jioni kiwandani, na asubuhi akawa anakaa na mtoto yeye, hadi mchujo mwingine. Mama akasema mwaka mmoja, hauongezwi, na pundamilia akarudi kazini kwake.

Kisha baba akataka kukiona kile kipimo. Nilimpeleka klabuni, nikawa mkalimani kati yake na kocha, watu wawili waliokubaliana kwa kila kitu isipokuwa lugha. Baba akajifunza kupinda, na sasa nusu ya klabu wanamletea visu. Wananiambia nina bahati kuwa na baba kama yule. Hata yule msichana wa miaka kumi na saba humletea vyake, na baba humpindia kwa uangalifu uleule. Gharama ya masomo ya baba naijua mimi.

Mchujo ni mwezi ujao. Jumamosi iliyopita nilimkuta jikoni amefumba jicho moja, anachungulia kisu changu, mjukuu wake kando yake naye amefumba yote mawili.

"Kimepinda?" nikauliza.

"Kimepinda vizuri."

Sijamsamehe. Nilivichukua visu vyote viwili, nikamwomba kipimo, nikapima mwenyewe. Kisha nikaenda mazoezini.